Mikono Mirefu

Mvua ilipowatimua watu wa mtaa ule wa maduka, wote walikimbilia mahali pamoja: ujia wa jengo la posta ya zamani. Wakabanana humo wenye mabegi, wenye viatu mkononi, wenye kulaani mawingu na wenye kucheka tu. Katikati yao alisimama msichana mshonaji. Alivaa gauni la rangi ya majani makavu, lenye mikono mifupi iliyovimba kidogo begani, na mikononi alishika magauni sita meupe ya watoto wa Komunyo ya Kwanza. Alikuwa ameyafunika kwa nailoni na kuyainua juu ya kichwa kama mtu anayevuka mto.

"Dada, mzigo wako unanidondoshea maji shingoni," ilisema sauti kutoka chini.

Akatazama. Ubavuni mwake palikuwa na kibanda cha kioo, kidogo kama kabati, na ndani ameketi kijana mwenye kioo cheusi cha kukuzia kilichobanwa jichoni. Mbele yake kulikuwa na saa iliyofumuliwa, vyuma vyake vimepangwa juu ya kitambaa.

"Nikiyashusha yatashika matope," alijibu. "Mwenye shingo ndiye asogee."

"Mwenye shingo analipia kodi hapa."

"Basi mwenye shingo avumilie. Mvua haina kodi."

Kijana alicheka hadi kile kioo kikamtoka jichoni. Akasimama, akaondoa saa tatu za ukutani kwenye misumari yake. "Yatundike hapa. Hizi zote ni mbovu, hakuna itakayolalamika."

Alipokwisha kuyatundika, msichana aliona si vizuri kusimama bure kwenye kibanda cha mtu. Akavua saa yake ya mkononi. Ilikuwa ya marehemu mama yake, na ilikuwa imesimama tangu juma lililopita. Fundi aliipokea kwa vidole viwili, akaiweka sikioni, lakini hakuifungua.

"Inaumwa nini?"

"Si wewe fundi? Fungua uone."

"Mimi sifungui saa mpaka mwenyewe aseme inaumwa nini. Ilianguka? Ililowa? Ilichoka tu? Nikifungua kabla ya kuambiwa, nitaharibu hata kizima nilichokikuta. Ndivyo nilivyofundishwa."

"Nilifua nguo nikiwa nimeivaa."

"Umeona sasa? Nipe dakika mbili."

Dakika mbili zile zilikuwa saa moja na robo. Mvua ilikatika, watu wakatawanyika, jua likarudi na kukausha ngazi, na msichana akawa bado ameegemea kioo, akitazama vidole vile vikinyanyua kijichuma chembamba kuliko unywele.

"Kuanzia leo nitakuita Dakika," alisema alipokabidhiwa saa yake.

"Na mimi nitakuita Sindano. Ulimi wako unapita nguoni hadi kwenye ngozi."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Baadaye zikaja simu za mchana, msichana amebana simu kati ya sikio na bega huku mguu ukikanyaga cherehani.

"Sindano wangu, umekula?"

"Sijala. Nashona pindo."

"Pindo halishibishi. Toka, niko nje."

"Nje wapi?"

"Nipe dakika mbili nitakuwa nje."

Walifunga ndoa kanisani mwaka uliofuata. Bibi harusi alijishonea gauni mwenyewe, na bwana harusi alichelewa kidogo, na watu wote wakacheka kwa kuwa walimjua.

* * *

Mtoto wao alizaliwa kwa upasuaji na aliishi siku tisa. Jina lake walilijua wengi, lakini baadaye walilitamka wawili tu, kila mmoja peke yake.

Asubuhi ya siku ya tisa wauguzi walimwambia mama kwamba mtoto amezidiwa, na kwamba padri angekuja kumbatiza saa nne. Akampigia mumewe.

"Njoo sasa."

"Nakuja. Nafunga saa ya mteja, nikiiacha wazi vumbi litaingia. Nipe dakika mbili."

Padri alifika saa nne kamili. Maji yalimwagwa, jina likatajwa, na muda mfupi baadaye mtoto akanyamaza mikononi mwa mama yake. Baba aliingia wodini saa tano kasorobo, mafuta ya saa bado yako vidoleni. Mkewe hakumlaumu siku ile wala siku nyingine. Ila hakumwita tena Dakika. Alimwita mume wangu, kwa upole, kama mtu anayemwita mgeni anayemheshimu. Naye hakusema tena "nipe dakika mbili" kwa mtu yeyote.

Kanisani nako mwanamke aliacha kwenda. Hakugombana na mtu. Alimwambia Mungu moyoni kwamba wamekwisha kumalizana, akaendelea kushona.

Daktari alikuwa amemwonya asishike mimba kabla ya miaka miwili, mpaka mshono wa tumbo upone vizuri. Dada yake mkubwa, aliyekuwa muuguzi, akamshauri: "Mdogo wangu, pumzisha mwili. Weka kijiti cha kuzuia mimba." Mwezi wa tatu baada ya mazishi, siku ya kazi, alikwenda kliniki akawekewa ndani ya mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Alikusudia kumwambia mumewe jioni ileile. Lakini jioni ile mume aliingia, akakaa kitini bila kuvua viatu, akasema, "Leo mteja amekuja na mwanawe wa miezi mitatu," kisha akaziba uso. Maneno yakamrudi mwanamke kooni. Akasema moyoni, nitamwambia kesho. Kesho ikazaa wiki, wiki ikazaa mwaka. Siri ni kama mshono uliokwenda upande: ukichelewa kuufumua, nguo yenyewe inauzoea.

Akaanza kujishonea mikono mirefu. Kitenge, hariri, pamba, vyote vilifika kwenye kifundo cha mkono, na vifungo viwili. Wateja walimtania, "Fundi, joto lote hili, wewe unajifunika kama mtawa?" Akawajibu kwamba ndiyo mitindo. Na mumewe, ambaye zamani alilala kwa kuushika mkono ule wa kushoto, alihamia upande wa pili wa kitanda. Hakutoa sababu. Mwanamke akajitafutia mwenyewe: ameuchoka mwili ambao ulimpa mtoto wa siku tisa.

* * *

Mwaka wa nne ulipoingia alikuwa akimpima gauni binti mmoja wa Komunyo ya Kwanza. Binti alisimama juu ya stuli, amenyoosha mikono, akamtazama fundi aliyepiga magoti chini yake akiwa na pini mdomoni.

"Shangazi, na wewe unapokea Komunyo?"

Akatikisa kichwa.

"Kwa nini? Ulikosea?"

Mama wa binti alimfinya mwanawe, lakini swali lilikuwa limekwisha kutoka. Usiku ule fundi alifumua pindo lilelile mara mbili. Jumamosi alifunga duka mapema, akaenda ofisi ya parokia.

Padri alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mwenye mafua na leso mbili mezani.

"Kaa, mwanangu. Ila usisogee sana, mafua haya hayabagui dini."

Alikaa. Aliyokuwa ameyapanga njiani yakamtoroka yote, kwa hiyo akafungua vifungo vya mkono wa gauni na kuukunja hadi juu ya kiwiko.

"Nataka kurudi, Padri. Nataka kuungama na kupokea. Lakini nina hiki." Akamweleza upasuaji, siku tisa, onyo la daktari. "Nikibaki nacho, sijui nitaungama nini. Nikikitoa nikapata mimba, nikazika tena, mimi sitasimama."

Padri alipenga kamasi taratibu, kama mtu anayejitafutia muda.

"Sitakudanganya. Kanisa halikubali kijiti, na mimi sina mkasi wa kulikata fundisho likutoshe kiuno. Lakini Kanisa hilohilo halijasema mzae bila kufikiri, wala halijasema hofu yako ni dhambi. Watu wa ndoa wenye sababu nzito wanaweza kutotafuta mimba kwa kuzifuata siku za mwili. Njia hiyo inafundishwa, hapa parokiani wapo mume na mke wanaoifundisha. Ina kazi. Inataka kuandika kila siku, inataka kuvumiliana, na inataka watu wawili. Mumeo anasemaje?"

"Hajui."

"Hajui kwamba umekuja hapa?"

"Hajui kwamba nina kijiti."

Padri aliiweka leso chini. "Tangu lini?"

"Miaka mitatu na miezi minne."

Nje mtu alikuwa akifagia ua.

"Basi tulianzia mkononi, na kidonda kiko kwingine," alisema Padri. "Nisikilize. Usikimbilie kukitoa kesho kwa sababu Padri amesema. Mwone daktari, akuambie mshono umefikia wapi. Kitubio kipo, mlango haufungwi. Lakini kwanza mwambie mwenzako. Siwezi kukufundisha njia ya watu wawili ukiwa peke yako."

"Akiniacha?"

"Hilo siwezi kukuahidi. Ningekuwa naweza, foleni ya ofisi hii ingefika barabarani."

Alicheka kidogo, na kicheko kikafungulia machozi. Padri akamsogezea leso ya pili. "Hii ni safi," alisema.

* * *

Alimwambia mumewe Jumapili mchana, wakiwa mezani. Dirisha lilikuwa wazi na majirani walikuwa wakiosha vyombo. Hakuzunguka.

"Mume wangu, nina kijiti mkononi. Nilikiweka mwezi wa tatu baada ya kumzika mtoto."

Mwanamume aliitua glasi yake polepole, kama anayeogopa kuisikia ikigusa meza.

"Najua."

"Unajua nini?"

"Mkono wa kushoto, kwa ndani, kama njiti ya kiberiti. Kidole changu kinajua chembe ya vumbi ndani ya saa, kitashindwaje kukijua hicho?"

"Ulijua lini?"

"Wiki ileile."

Mwanamke aliinuka, akakaa, akainuka tena. Siku zote alikuwa amejiandaa kwa hasira, kwa machozi, hata kwa mlango kupigwa. Hakuwa amejiandaa kwa hili.

"Ukanyamaza."

"Nilingoja useme mwenyewe. Unajua mimi sifungui..."

"Mimi si saa."

Hakupaza sauti. Aliendelea kukifungua na kukifunga kishikizo cha mkono wa gauni. "Miaka mitatu nashona mikono mirefu kwenye joto la kuyeyusha mishumaa, na wewe umekaa unanitazama."

"Na miaka mitatu mama yangu ananiuliza kwa simu, mjukuu lini, namjibu Mungu akipenda. Huku najua kwamba Mungu mwenyewe hakuulizwa."

Neno lile lilipita ngozi. Hata sindano haikuwahi kuchoma hivyo. Kabla jua halijazama, mwanamke alikuwa na begi mkononi mlangoni kwa dada yake.

Dada alisikiliza habari yote akiwa amevaa sare ya kazi, kofia bado iko kichwani.

"Nyie wawili," alisema mwishoni, "mlikuwa mnalindana au mnawindana?" Akamtandikia kitanda.

* * *

Simu ya kwanza ilikuja siku ya tatu.

"Ufunguo wa kabati uko wapi?"

"Ulipo siku zote."

"Ndiyo. Nauona. Umekula?"

"Nimekula."

"Haya."

Ya pili aliulizia kiberiti. Ya tatu hakuuliza chochote, alisema tu kwamba mvua inanyesha huko, na mkewe, aliyekuwa nyumba kumi na mbili kutoka hapo, akasema hata huku inanyesha. Ya nne ilikuja mchana, baada ya majuma mawili. Nyuma ya sauti yake zilisikika saa zote za kibandani zikigonga, kila moja kwa mwendo wake.

"Sindano. Nikuambie kilichonifunga mdomo?"

"Niambie."

"Si ufundi. Ufundi nilijifichia tu. Nilipokigusa kile kitu nilisema, hii ndiyo hukumu yangu. Mwanamke hawezi kumzalia tena mtu aliyefunga saa ya mteja wakati mwanawe anakata roho. Niliogopa kukuuliza, usije ukanijibu ndiyo."

Mwanamke alikaa juu ya kitanda cha dada yake.

"Sikukiweka kwa ajili hiyo. Daktari alisema nisubiri. Halafu nikaogopa. Halafu nikaogopa kukuambia kwamba niliogopa." Akavuta pumzi. "Na wewe ulipouhama mkono wangu, nilidhani umeuchoka mwili huu. Kwa kuwa haukuweza kumshika mtoto."

"Niliuhama ili nisikiguse."

Saa ziligonga.

"Nimekwenda kwa daktari," mwanamke alisema hatimaye. "Mshono umepona. Alhamisi saa nne nakwenda kukitoa. Sijui kama nataka mtoto, usinielewe vibaya. Nataka tu kuacha kuuficha mkono."

"Nije?"

Angeweza kusema ndiyo, na angeweza kusema hapana. "Sijui," alisema, kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa la kweli.

"Haya," alisema mume, akakata.

* * *

Alhamisi alitoa sandukuni gauni lake la zamani la rangi ya majani makavu. Lilimbana kidogo kiunoni, akaachia mshono mmoja, likamkaa. Njiani upepo ulimpita mikononi na akashtuka, alikuwa ameusahau.

Alifika kliniki saa tatu na nusu. Wagonjwa walijaa ukumbini, akina mama wenye watoto, mzee mwenye bandeji, mlinzi anayepanga foleni. Kwenye benchi la mwisho ukutani alikuwapo mumewe. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi upande mmoja tu. Magotini alishika kofia yake kwa mikono yote miwili.

"Ndugu huyu ni wako?" mlinzi aliuliza. "Amenikuta hata geti sijafungua."

Mwanamke aliketi kando yake.

"Miadi ni saa nne," alisema.

"Najua. Hata ile nyingine ilikuwa saa nne."

Alimtazama. Nywele za pembeni zilikuwa zimeanza mvi, na hakuwa ameziona zikianza. Akauweka mkono wake wa kushoto, ulio wazi, juu ya goti la mumewe, kiganja kikiwa juu.

"Umewahi, Dakika," alisema.

Mumewe aliinamisha kichwa hadi paji la uso likagusa mkono ule, na mabega yake yakatikisika, na watu wa ukumbini wakageuza macho kwa adabu kama watu wanaopita mbele ya nyumba ya msiba. Dada yake, aliyekuwa zamu siku hiyo, alipotoka na faili kuita jina, alisimama mlangoni akangoja kidogo.

* * *

Walikwenda kwa Padri wote wawili. Mwanamke aliungama Jumamosi, na Jumapili alisimama katika mstari wa Komunyo, mumewe nyuma yake, kakovu kadogo kama punje ya mchele kakionekana chini ya mkono mfupi wa gauni.

Wale mume na mke wa parokiani waliwafundisha: daftari, kipimajoto, kupima kila alfajiri wakati uleule kabla ya kutoka kitandani, kisha kuandika. Kazi ya kuamsha aliichukua Dakika, na hakukubali kunyang'anywa. Kila siku saa kumi na mbili kasorobo, si mapema wala si nyuma, aligusa bega la mkewe.

"Sindano. Wakati."

"Unanichosha, mwanamume wewe."

"Fungua mdomo."

Aliandika kwa herufi ndogo kama namba za ndani ya saa. Miezi saba waliandika ili mtoto asije, kwa sababu hofu ilikuwa bado imekaa nao mezani. Mwezi wa nane mwanamke alisema, "Tumkaribishe." Tangu hapo zile siku walizozikwepa wakaanza kuzingoja. Daftari la kwanza likajaa, wakanunua la pili. La pili likajaa. Mtoto hakuja. Daktari alipima akasema haoni kasoro. Padri alikuja, akanywa chai nao, akakaa mpaka giza likaingia.

Mwisho wa daftari la tatu mwanamke alilifunga na kuliweka kwenye droo, pamoja na kofia ndogo ya sufi ambayo haikuvaliwa zaidi ya siku tisa. "Imetosha," alisema. Dakika akaitikia kwa kichwa.

Kesho yake, saa kumi na mbili kasorobo, aliguswa bega.

"Daftari tumelifunga," alisema, macho bado yamefumbwa.

"Najua."

"Sasa unaniamshia nini?"

Mwanamume alikuwa amerudi upande wake wa zamani wa kitanda. Kidole gumba chake kilikuwa juu ya kovu lile, kimetulia. Dirishani kulikuwa kunaanza kuwa kijivu.

"Unaumwa nini, Sindano?" aliuliza.

Na yeye akamwambia, akianzia siku ya kwanza hadi ya tisa, naye alisikiliza mpaka mwisho bila kutazama saa.